Nani Atamsemea Mama?

Katika nyumba yetu ya Likoni, kila jambo zito huamuliwa na kaka mkubwa. Mahari ya dada zetu ameyapokea yeye, mazishi ya baba ameyasimamia yeye, na kiwanja kilipouzwa, mama alimwekea kidole kwenye hati ya uwakala ili ashughulikie mauzo. Kwa hiyo kidonda cha mguu wa mama kilipooza kwa sababu ya sukari, na daktari wa upasuaji akasema vidole viwili havina budi kukatwa, swali la nani atasaini halikumjia mtu. Kaka alitia hati ile mfukoni, tukavuka feri.

Hospitalini afisa aliisoma hati kutoka juu hadi chini, akairudisha. Ilikuwa ya kiwanja; mwili wa mama haukutajwa popote. Kaka akapandisha sauti kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Dada yetu wa Nairobi, kwenye spika ya simu, akasema mama asiguswe hata ukucha kabla hajaonwa na daktari mwingine. Kitindamimba, aliyeko Doha na ndiye mlipaji, akasema pesa zake hazitanunua kisu cha kumkata mamake. Watu wa kwenye mabenchi wakageuka kututazama. Ndipo muuguzi mmoja mtu mzima akatoka wadini na kuuliza, "Mama mwenyewe mmemuuliza?"

Mama alikuwa macho, akili zake timamu, na kelele zote zilikuwa zimemfikia. "Vikatwe," alisema. "Nataka mguu uliobaki unifikishe msalani bila kushikwa mkono." Akaomba karatasi, akaweka kidole mwenyewe.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji ni kweli. Kwa kisu, mgonjwa huulizwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 9, inampa neno la kwanza mgonjwa mwenyewe. Asipoweza kusema, hufuata mtu aliyemkabidhi mamlaka hayo kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au kwa amri ya mahakama. Hao wasipokuwepo, ndipo jamaa wa karibu huombwa ridhaa. Dharura ambayo kuchelewa kwake kunaweza kuua haingoji karatasi, lakini maamuzi mengi ya uzeeni si ya dharura ya namna hiyo. Ni maamuzi kama ule wa vidole: yana nafasi ya kufikiri, na kwa hiyo yana nafasi ya kugombana. Mama ana watoto sita, na kila mmoja wetu ni jamaa wa karibu.

Aliporudi nyumbani, dada wa Nairobi alitafuta wakili wa kuja kuandika hati ya matibabu, ya kumtaja atakayemsemea mama siku asipoweza kusema. Habari ikamtangulia wakili. Shangazi alisikia kwamba nyumbani kwetu kumeitwa mwanasheria, akaingia uani akilia kwamba urithi unagawanywa na mwenye mali bado anapumua. Mama akamwambia, "Wifi, mimi nipo. Keti unywe chai." Kisha kitambulisho cha mama hakikuonekana. Masanduku yalimwagwa, magodoro yakainuliwa, mpaka mjukuu akakitoa kwenye kopo la iliki, mahali mama alipokificha ili kisipotee.

Wakili alianza na hofu ya shangazi. Alieleza kwamba hati hii husema wakati mwenyewe yu hai; akifariki inakoma, na urithi una taratibu zake kwa Kadhi. Akaeleza pia kwamba uwakala wa kawaida wa mali, kama ule wa kiwanja, hukoma mwenyewe anapopoteza akili, na familia hulazimika kwenda mahakamani. Ndiyo maana suala la matibabu linatakiwa kuandikwa waziwazi, mtu akiwa bado na fahamu zake. Halafu akatuomba sote tutoke, abaki na mama peke yake. Kaka alisita mlangoni, lakini akatoka.

Tulipoitwa, mama alikuwa amemchagua mkamwana wake, mke wa kaka. Kitindamimba alilalamika kwenye simu kwamba huyo si damu yake. Mama alimjibu taratibu: "Huyu ndiye amekuwa akiniosha kidonda. Amekiona kikinuka na hakugeuza uso. Ninyi mnanipenda, na kwa mapenzi hayo mtasaini chochote ili nisiondoke. Yeye nikimwambia basi, atasema basi."

Maneno yale yalituuma, na yalikuwa ya haki. Tulikuwa tukishindania cheo cha nani ampendaye mama zaidi, na yeye alikuwa akitafuta mtu wa kubeba neno lake bila kulipunguza. Na neno hilo alikuwa nalo tayari. Aelezwe kila kitu kwa Kiswahili, jambo ambalo sheria hiyo hiyo inalitambua. Ahudumiwe na wanawake inapowezekana. Figo zikishindwa, asafishwe damu kwa muda wa kujaribu, kisha aulizwe tena. Na mkamwana asipopatikana, dada wa Nairobi ashike nafasi yake.

Kaka aliuliza, "Na mimi, mama?" Mama akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Mke wako akisema neno langu, wewe utasimama wenzako wakubali." Kaka akaitikia. Nakala moja sasa iko kwenye faili la hospitali, nyingine pamoja na kadi za kliniki.

Familia nyingi hungoja mpaka mzee apigwe na kiharusi ndipo zianze kubahatisha angependa nini, na ubahatishaji huo huzaa ugomvi unaodumu hata baada ya matanga. Mzazi aulizwe siku ambayo haumwi, bila watoto kumzunguka, na jibu lake liandikwe lilivyo. Akimtaja mtu ambaye hamkumtarajia, msimbishie. Mwili ni wake, na anajua nani alimsikiliza.