Nyumba ya Tangawizi Isiyo na Kipaa

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mzaliwa wa Lamu niliyeolewa Nürnberg. Binti yangu wa miaka minane amekataa kujenga nyumba ya mkate wa tangawizi yenye paa la mgongo na theluji ya sukari kama wenziwe. Ashikilia kujenga ya bibi yake, yenye dari bapa, baraza mbili na punda mlangoni. Mavyaa wangu asema hiyo si nyumba, ni sanduku. Nami usiku nimezinyoosha zile baraza, na mtoto amegundua. Nifanyeje? — Mama Mwenye Taabu

Bibi mpendwa, kilichonistaajabisha si ukaidi wa mtoto bali ujasiri wa mavyaa wako, ambaye, akiishi katika mji uliopata mwaka 1643 chama cha waokaji wa Lebkuchen, mkate wa viungo wa huko, waliotegemea karafuu na mdalasini zilizovuka Bahari ya Hindi kabla ya kufika tanurini kwao, bado ajiona ana haki ya kuihukumu nyumba ya Lamu kuwa ni ngeni mezani pake. Hata ile nyumba ya mchawi katika hadithi iliyochapwa na ndugu wawili Grimm mwaka 1812 ilikuwa ya mkate, paa lake keki na madirisha yake sukari, tangawizi haikutajwa.

Ama kuhusu ujenzi, binti yako ametushinda sote. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba, si kwa ubahili wa wenyewe, bali kwa kuwa dari nzito ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mkoko, nazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Mkate wa tangawizi una tabia iyo hiyo: kipande kirefu kisicho na tegemeo hupinda katikati, hasa birika la chai likifuka karibu. Basi mpe vijiti vya mdalasini viwe boriti, avilaze karibu karibu. Karafuu zichomekwe mlangoni mahali pa misumari ya shaba. Kuta ziokwe hata zikakamae, zikatwe kingo zingali moto, zilale usiku kucha, kisha ziungwe kwa ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga, ambao ndio chokaa yenu. Kazi yako wewe ni kushika ukuta hadi ushike, na kunyamaza.

Baraza zirudishe upogo wake, umwombe radhi fundi.

Baba wa Mombasa, ulalamikaye kwamba nyumba yenu ililegea siku ya pili: hewa ya pwani haina mshindani, kwa hiyo jengeni asubuhi mle jioni. Na shemeji yako aliyeitafuna ghorofa ya juu kabla haijakauka, mtozeni kodi.