Heshima ya Tairi Kipara

Anayelisema vibaya tairi la bei chee hajawahi kushuka nalo mteremko wa Lyamba lya Mfipa mwezi wa pili, mvua ikinyesha. Angeshuka nalo mara moja tu angejua kwamba hakuna padri, shehe wala mchungaji Rukwa nzima awezaye kuifanya Noah iliyoshona abiria inyamaze na kusali namna ile. Mlevi aliyekuwa akiimba tangu stendi anakata wimbo. Wanaodaiana wanasameheana. Kutoka Sumbawanga, mji ulio juu ya meta 1,700, hadi Muze bondeni mwa Ziwa Rukwa, barabara inateremka karibu meta 1,000, na dereva anajua kwamba tairi lenye kashata garini humo ni moja, nalo ni la spea.

Msifiwa lazima awe na ukoo, na ukoo huu una nyumba mbili. Kuna nyumba ya Mchina: tairi jipya, jeusi, lenye vinywele vya mpira na jina ambalo muuzaji mwenyewe halitamki mara mbili kwa namna moja. Na kuna nyumba ya mtumba: matairi yaliyomaliza ujana wake Japani au Ulaya, yakaletwa Ufipa kustaafu, maana yake kuanza kazi. Walikuwa na ndugu wa tatu, General Tyre wa Arusha, aliyeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda hicho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo nyumba hizo mbili zimegawana urithi bila ugomvi.

Adabu ya ukoo huu ni kutoulizana umri. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limezaliwa kabla ya mwaka 2000, liamkie, shikamoo. Wauzaji wetu ni waungwana, hawamwaibishi mzee mbele za wateja: wanalipaka dawa ya kung'arisha kutwa mara mbili, na nyufa zile ndogo, zinazofanana na kisigino cha mkulima mwezi wa nane, zinafunikwa. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inizwa dukani. Jua na hewa vinaukausha, na jua la nyanda za juu halichagui jina la kiwanda.

Sifa yake kubwa ni unyenyekevu mbele ya hesabu. Tairi la kawaida la Noah, 195/65R15, huandikwa 91, yaani limeahidi kubeba kilo 615. Manne yanabeba kilo 2,460. Gari tupu lenyewe lina karibu tani moja na nusu, kwa hiyo kwa ahadi ya matairi peke yake, watu na mizigo hawapaswi kuzidi kama kilo 900. Stendi ina hesabu zake: watu wazima kumi na wawili, watoto wa kupakata ambao hawahesabiwi kwa sababu hawalipi, na magunia mawili ya lumbesa ya mahindi, kila moja likijiita kilo 100 na likijua linadanganya. Tairi halisemi neno. Na tazama ajabu hii: la bei chee limeandikwa 91, na la bei mbaya limeandikwa 91. Kwa maandishi ni mapacha. Tofauti yao huioni dukani. Utaiona kwenye lami yenye maji, pale dereva anapokanyaga breki na gari linaendelea na safari yake.

Lami, kwa kweli, ndiyo iliyolichafulia jina. Enzi za vumbi, safari ya Tunduma kuja Sumbawanga ilikuwa ya kutambaa, na anayetambaa hapati joto. Mwaka 2008 Rais Kikwete na Rais Bush wakashuhudia kutiwa saini kwa mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na barabara yetu ya zaidi ya kilometa 220 ikawa miongoni mwa zilizofaidika. Tulishangilia, na haki yetu. Kipara hakushangilia. Tairi lililopungua upepo, likikimbizwa kwenye lami na mzigo mgongoni, ubavu wake hukunjika na kunyooka kila linapozunguka. Hapo joto linapanda, gundi inaachia, tabaka la juu linabanduka. Lililokuwa likizeeka kwa amani kwenye vumbi likaanza kufa kwa kishindo.

Trafiki nao wana mchango wao. Faini ya kosa barabarani kwa gari ni shilingi 30,000, na kwa pesa hiyo hupati tairi jipya la Noah duka lolote, hata la Mchina. Dereva anayejua kujumlisha haoni ugumu. Kosa ni nafuu kuliko dawa, tena linalipwa kidogo kidogo, na wiki ya Nenda kwa Usalama huja na kupita.

Halafu wanatokea wabishi wanaosema kipara hakilipi! Kinalipa, ila hakimlipi mwenye gari peke yake. Tairi zuri lina faida ya mfanyabiashara mmoja, siku moja. Kipara kinamlisha fundi pancha, kijana wa jeki, muuza tyubu, mama lishe wa mahali gari lilipokwama, na gesti ya jirani giza likiingia. Gharama yake wanaichangia wengi, wengine bila kujua kwamba wamo kwenye mchango: abiria anayekosa kliniki, mwenye samaki wanaooza chini ya siti, mama anayerukwa na usingizi kila gari la mwanawe likichelewa. Kama kuna ujamaa uliobaki hai nchini, ndio huu.

Na lina bahati ya kuishi Sumbawanga. Likipasuka pabaya, wale waliotujaza sifa za uchawi hulitetea bure. Ajali inapewa jirani mwenye kijicho, shangazi wa dereva, paka aliyekatiza. Tairi lenyewe limelala mtaroni, nyuzi nje, na hakuna anayelihoji.

Ukinibana sana nitasema hivi: Mchina wa mwaka huu, akijazwa upepo sawasawa asubuhi kabla gari halijapata joto na asipotwishwa lumbesa, ni bora kuliko jina kubwa la Kijapani lenye miaka kumi na mitatu. Kununua mawili mapya ni akili kuliko manne ya mtumba, na bora yakae nyuma, maana gari likiteleza mkia kwenye kona za Lyamba halina pa kwenda ila chini. Lakini hayo ni maneno ya mafundi, na mwenye kusifu hatakiwi kuwa fundi.

Pepo yake ipo, nayo iko Mpui na Laela. Likishakataliwa na Noah, na hata mziba pancha akiona aibu kuweka kiraka juu ya kiraka, linafungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe likasombe mahindi shambani. John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888 akiwa Belfast, alikuwa daktari wa mifugo, kwa hiyo hakuna aliyepotea njia hapo. Mwendo ni wa maksai, joto hakuna, kashata hazipimwi na mtu. Likiisha upepo katikati ya shamba, mchungaji ataketi kivulini ale muhogo wake, na maksai hawatamzonga wakitaka nusu ya nauli irudishwe.