Heshima kwa Mheshimiwa Faili Halijapatikana

Washairi wetu wamesifia minazi, majahazi, warembo na hata tembo la mnazi. Hakuna aliyewahi kukaa chini kumtungia Mheshimiwa Faili Halijapatikana walau beti mbili, na huo ni utovu wa shukrani.

Mnamfahamu. Mtu ameitoa DVD ya harusi kabatini, ameazima kisomeo cha diski kwa sababu kompyuta za siku hizi hazina, ameanza kuhamisha. Mstari wa kijani umekaribia mwisho, naye ameshainuka akachukue chai. Hapo ndipo Mheshimiwa anapojitokeza kwenye kioo na kutamka: VTS_01_3.VOB halijapatikana. Kisha ananyamaza. Hatoi pole, hatoi maelezo, hasubiri maswali.

Lakini bila yeye, nani kati yetu angejua kwamba ndani ya diski kuna serikali nzima? Tulidhani harusi ni harusi, imekaa mle kipande kimoja. Kumbe kuna folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake wakubwa ni mafaili ya IFO. Hayana picha hata moja wala sauti. Kazi yao ni kujua nini kianze, nini kifuate na kila kitu kiko wapi. Kila IFO ina naibu wake, BUP, ambaye ni nakala yake kamili. Kanuni za DVD zinataka wawili hao watenganishwe kwa angalau kilobaiti 32, ili mkwaruzo mmoja usizue misiba miwili. Kwa hiyo Mheshimiwa akikuambia VTS_01_0.IFO haionekani, nakili VTS_01_0.BUP, badilisha herufi tatu za mwisho ziwe IFO, na mambo yanaendelea. Naibu anayeweza kweli kazi ya bosi wake, tena siku hiyohiyo aliyoitwa! Kuna ofisi ambazo zingefaa kuletwa kwa basi zije zijionee.

Picha na sauti zimo kwenye VOB, zilizokatwa vipande visivyozidi gigabaiti 1. Katika diski iliyorekodiwa saa mbili, kipande kimoja ni karibu nusu saa. Ndiyo maana nasema Mheshimiwa ana huruma iliyofichika: akitaja VTS_01_3.VOB, amekuonyesha ni nusu saa ipi iliyo hatarini, ya tatu tangu mwanzo. Kama ni ile ambayo MC alikuwa akiwatambulisha wajumbe wa kamati mmoja baada ya mwingine, mshike mkono umshukuru.

Wapo wanaomwita mzushi. Ni kweli kwamba mara nyingine humlilia asiyewahi kuzaliwa. VTS_01_0.VOB ni faili la menyu, na mpiga video aliyekuwa na haraka hakutengeneza menyu. Programu ikilidai, itadai mpaka kiyama. Ni kweli pia kwamba ukiielekeza programu kwenye folda ya nje wakati inataka VIDEO_TS yenyewe, au kinyume chake, atatangaza msiba ilhali wote wako hai chumba cha pili. Kwenye Linux anaweza kukataa video_ts kwa kuwa alitarajia herufi kubwa. Huo si uzushi, ni itifaki. Mheshimiwa gani asiyejali jina lake limeandikwaje kwenye kadi?

Na ile AUDIO_TS ambayo kila mtu huifungua, akaikuta tupu, akapiga kelele kwamba sauti imeibiwa? Hiyo iliwekwa kwa ajili ya diski za DVD-Audio, za muziki. Katika diski ya video kazi yake ni kuwa tupu, nayo huifanya kwa uadilifu.

Sasa mlinganishe na wale wapole. Zipo programu ambazo zikifika mahali pasiposomeka hupaacha, huziba pengo kwa sifuri, kisha hukupongeza kwamba kazi imekamilika asilimia 100. Unafurahi, diski unaitupa. Miaka ikipita unawaita watoto muangalie pamoja, na bibi harusi anaingia mlango wa kanisa na kuibukia moja kwa moja kwenye keki. Adui kama Mheshimiwa, anayekutaarifu wakati diski ingali mkononi, ni wa kuombewa maisha marefu.

Tena ametulazimisha kuwa wasafi. Kwa ajili yake tumejifunza kufuta diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Tumejifunza kujaribu kisomeo kingine, maana kinachomshinda mmoja mwenzake hukisoma. Waliobobea huacha kunakili faili mojamoja, wakachukua taswira ya diski nzima kwa ddrescue, ambayo hukusanya kwanza yanayosomeka, kisha hurudi kwenye majeraha. Taswira hiyo isipelekwe kwenye flashi ya FAT32, kwani haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Diski za filamu za dukani tuziache: nyingine zilitiwa sekta mbovu kwa makusudi zisinakiliwe, na huko Mheshimiwa ameajiriwa na mwenye hakimiliki.

Ila fadhila yake kubwa ni ya kijamii. Siku zile mpiga video hakuchoma diski moja. Alichoma za wazazi wa pande zote mbili, za wasimamizi na ya shangazi. Zikiwa zimetoka kwenye kazi ileile, VTS_01_3.VOB ya shangazi ni ileile yako, na itaingia kwenye pengo bila mshono. Hivyo Mheshimiwa anakutuma kwa shangazi ambaye hujamtembelea tangu msiba wa babu. Beba sukari. Utaulizwa kwanza kwa nini simu hupokei, pili mtoto wa pili yuko wapi, na diski itatolewa chini ya vitambaa vya kochi baada ya chakula, kwa sharti kwamba muiangalie yote pamoja, kamati ikiwemo.