Kikopo cha Fahari

Akitokea muungwana wa Kamembe, Rwanda, mwenye gari la dizeli lenye tabo, analolipandisha kutoka ziwa Kivu, mita 1,460, hadi zaidi ya 2,000 katika msitu wa Nyungwe, aghalabu hatulii mpaka alifungie kikopo cha kunasia oili. Na hikima ya chombo hicho haina shaka, kwani mvuke wa oili usukumwao na gesi zivujazo kando ya ringi za pistoni, kabla haujarudi katika njia ya hewa na kuipaka tabo utando, hupitishwa humo ukapoa, ukawa matone, yakatuama chini.

Lakini kikopo chake, cha alumini ing'aayo, kimewekwa mbele kabisa ili boneti likifunguliwa hadhara ikione; ndani hamna hata wavu, basi mvuke huingia huku ukatokea kule pasipo kupiga hodi, na bolti ya kumwagia haijapata kuonja spana. Fundi akithubutu kuuliza oili ya injini itabadilishwa lini, hujibiwa kwa taadhima kubwa: "Ndugu yangu, si nimekwisha weka kikopo?"