Kamera Isiyo na Adabu

Waliobuni kamera za video za HD huenda walikuwa mabingwa wa lenzi na umeme, lakini mashangazi hawakuwa nao. Mtu mwenye shangazi aliyezaliwa Malindi ya Unguja, akahamia Muscat miaka ya 1970 na kutia nanga Al Khuwair, hathubutu kuunda chombo kinachoonesha kila kunyanzi lililo usoni mwa mtu mzima, kisha akakipeleka dukani bila ya onyo.

Kwetu Bawshar, huko huko Muscat, chombo hicho kiliingia kwa mkono wa mjomba, mpenda mashine, zama zile za HDV. Mfumo huo ulitangazwa mwaka 2003 na Sony, JVC, Canon na Sharp kwa pamoja. Ujanja wake ni kwamba picha ya HD, pikseli 1440 kwa 1080, ilibanwa mpaka ikaenea kwenye kanda ndogo ya MiniDV, ile ile ya dakika 60 tuliyokuwa tukiitumia. Mjomba alitusomea boksi lote majlisi. Lenzi inavuta karibu mara 10, na kwa dijitali mara mia na ushei! Akaenda kuijaribu kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ambao umo wilayani mwetu na mnara wake mkuu una urefu wa karibu mita 90. Kwa lenzi yenyewe mnara ulikuja hadi tukaona maungio ya mawe. Kwa dijitali ilikuja miraba ya rangi ya maziwa, tena inatetemeka, maana hapo kamera haivuti kitu. Inachukua picha ile ile iliyokwishaipata na kuitanua tu. Hesabu ya dijitali iliyoandikwa kwenye boksi msomee mtoto alale.

Milka ya binamu yangu, yaani kufungwa kwa ndoa yake, ilikuwa Julai. Mjomba huendesha gari AC imefunguliwa mpaka mwisho, na kamera aliipakata. Aliposhuka msikitini, ule ubaridi ukakutana na hewa ya Muscat ya kiangazi, ambayo imebeba nusu ya bahari, na unyevu ukatua kwenye kila kilichokuwa baridi: lenzi nje, na ndani kile kichwa kinachozunguka kusoma kanda. Kamera za kanda zina kihisio cha unyevu. Kikishtuka, mashine inagoma kabisa, kwa sababu kanda ikinata kwenye kichwa kilichorowa inaharibika. Dawa yake ni kungoja, hata saa nzima.

Sasa nenda kamwambie sheikh angoje saa nzima.

Ushauri haukukosekana. Ami alisema ipulizwe. Jirani akasema ifutwe kwa ncha ya kilemba, akavua na chake kabisa. Bibi, aliyekuwa amebaki garini, akaleta salamu kwamba ifukizwe ubani, maana hilo ni jicho la watu. Kumbe kilichotakiwa ni kuifunga kwenye mfuko wa plastiki ingali ndani ya gari, kuitoa mapema, na kuiacha humo mpaka ilingane na joto la nje. Plastiki ndiyo itoke jasho. Wakati hayo yanajadiliwa binti alishaozwa na halwa ikaliwa. Kwa mujibu wa kanda, milka ile inaanzia pale watu wanapotafuta viatu.

Picha za nje nazo zina mambo yake. Kamera inayojipimia mwanga ikielekezwa kwenye safu ya wanaume wenye kanzu nyeupe juani, inadhani dunia imewaka moto, inapunguza mwanga, na unapata ukoo mzima wa kanzu zinazotembea bila ya nyuso. Usiku ukumbini ni kinyume: kitambuzi cha picha cha kamera hizi za nyumbani ni kidogo kuliko ukucha, kikikosa mwanga kinajaza chengachenga. Na chetezo kikipita mbele, lenzi inaacha kumwangalia bwana harusi na kuanza kuutafuta moshi.

Lakini mwanga ukiwa sawa, jamani, inaona. Tulipoiunganisha na tivii mpya ya majlisi, shangazi alitazama kwa muda, akauliza, "Yule bibi mwenye shela ya kijani ni wa kwa nani?"

"Ni wewe, shangazi."

Akanyamaza. Akanywa kahawa yake yote. Kisha akasema kamera za zamani, zile za VHS, zilikuwa na adabu zao.

Vijana walimcheka mjomba na kanda zake. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walikuwa wameshatoa AVCHD, inayorikodi kwenye kadi au diski, na mpwa wangu alijinunulia ya kadi. Sifa zake nazikubali. Aliipeleka kwenye vilima vya mchanga vya Bawshar, kule wanakopandisha magari ya 4x4, vumbi limetanda, na ikarudi nzima. Ya kanda ingemeza chembe moja ikasaga mpaka kichwa. Tabu ilianza nyumbani. Kompyuta za wakati ule zilikuwa zikihema kufungua video hiyo iliyobanwa sana, gari linapanda kwa kusitasita kama lina kwikwi. Faili moja haliwezi kuzidi GB 4 kwenye kadi ya FAT32, kwa hiyo tukio refu linakatwa vipande. Vipande vyenyewe havina majina, vina nambari, na mpwa akapeleka nambari isiyo yake kwa wakwe.

Hapo ndipo mimi ninapokuwa upande wa mjomba. Kanda ya saa moja, kuinakili ni saa moja. Hakuna mtu mwenye hasira atakayekaa saa moja. Cha kadi kinafika Unguja na London pilau haijapoa.

Ushahidi ninao. Siku ya harusi, upande wa wanawake, kamera ya kanda alikabidhiwa mama mdogo, maana simu zote ziliachwa mlangoni na mwanamume haingii. Alirikodi vizuri ajabu. Tatizo ni maiki iliyojengwa ndani ya kamera: inamsikia zaidi aliye karibu, na aliye karibu ni mwenye kuishika. Basi bibi harusi anaingia, vigelegele viko mbali, na juu yake sauti safi kabisa ya mama mdogo inamwambia shoga yake, "Mtazame yule. Dhahabu zote zile za kuazima."

Mwenye dhahabu alikuwa amekaa nasi majlisi, tunatazama pamoja. Hakukasirika. Alijipepea kwa upole, akamgeukia mpwa wangu mwenye rimoti. "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Sikusikia vizuri."

Mpwa akabonyeza. Kanda ikaanza kujirudisha, polepole, inalia zii, na mama mdogo akapata nafasi ya kufika jikoni akipiga kelele kwamba pilau inaungua. Siku hiyo tulipika wali wa nazi.