Sifa za Herufi Bubu

Watu wengi husifu mvua, mama na timu iliyoshinda jana. Leo mimi nasimama kuisifu b iliyokaa katika neno la Kiingereza "debt", pamoja na ukoo wake wote: herufi zinazoandikwa, zikapewa nafasi na wino, kisha zisitamkwe hata siku moja. Cheo cha kudumu kisicho na kazi ni kitu ambacho wengi hukitafuta hadi kwenye uchaguzi. Herufi hizi zimekipata bila kuomba kura.

Fungua kamusi ya Kiingereza mahali pa D. "Debit" ipo, na b yake inasikika vizuri. Shuka kidogo ukute "debris", ambamo b ni nzima ila s imekufa. Mbele kidogo ni "debt", na sasa b ndiyo maiti. Nenda C: "comb" ni kitana na b haitamkwi, "combat" ni mapigano na b imefufuka, labda kwa kishindo cha risasi. Katika I, s ya "Islam" inasomwa, lakini s ya "island", iliyo karibu nayo, hairuhusiwi kutoa sauti. Wote ni majirani wa ukurasa mmoja, na hakuna anayeelewana na mwenzake. Burudani yote hiyo unaipata kwa bei ya kamusi ya mtumba.

Elimu nayo imefaidika. Pita Kitengela, kaunti ya Kajiado, jioni, nyuma ya maduka ya mbao na mabati, utamsikia mtoto wa gredi ya nne akisoma kwa sauti: "Ka-ni-fe."

Wenzake wanaangua kicheko.

"Naifu!" anasema mwalimu.

"Na hii k, ticha?"

"Hiyo haisomwi."

"Sasa waliiandika ya nini?"

Mwalimu anageuka kufuta ubao, ingawa ubao ulikuwa umeshafutwa.

Mtoto hakukosea, alichelewa tu. Mwingereza wa zama za kati aliitamka k hiyo waziwazi, na ilikuja kunyamaza karne ya 17 hivi. Kwa hiyo kijana wa Kitengela anasoma Kiingereza cha mababu wa mfalme, bila ada ya ziada, halafu anachekwa na watu wasiojua historia.

Hata hivyo k ya "knife", yaani kisu, ni mstaafu tu, iliwahi kufanya kazi. B ya "debt" haikufanya kazi hata kidogo. Waingereza walilipokea neno hilo kutoka kwa Wafaransa likiwa halina b. Karne ya 16 wasomi wakaona aibu: neno la heshima namna hii lionekane halina ukoo? Wakakumbuka lile la Kilatini, "debitum", wakachomeka b ili kila mdaiwa ajue kwamba deni lake lilitoka Roma. Ni cheti cha ukoo, basi. S ya "island" imewashinda wote, kwa kuwa cheti chake ni cha kughushi. Neno la kale la Waingereza halikuwa na s wala halikutoka Roma. Walilichanganya na "isle", lililotoka huko kweli, wakaliandikia s isiyokuwa yake. Sisi Wakenya tuliosikia habari za vyeti feki tunapaswa kuivulia kofia: karne nne kazini, na hakuna mkaguzi aliyeigusa.

Upande wa mifugo na wanyama pori, Kajiado imebarikiwa. Kondoo jike kwa Kiingereza ni "ewe", linalosomwa "yuu". Mswahili akilikuta kitabuni anadhani ameitwa, anaitika. Nyumbu naye ni "gnu", na g haitamkwi. Zamani mvua ziliponyesha, nyumbu walitoka Mbuga ya Nairobi wakatawanyika nyanda za Kitengela kwa maelfu. Kisha zikaja nyua, ploti za futi hamsini kwa mia, na malango ya chuma. Nyumbu wamepungua sana, lakini g yao haijapungua hata moja.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu jina la kaunti yenyewe. Kajiado limetokana na Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Wageni walipolitia kwenye ramani walitupa "Ol", ambayo kila Mmaasai huitamka, wakayapindapinda na yaliyobaki. Watu hao hao, waliokuwa wepesi wa kukata sauti za wenyeji, hawakuthubutu kuigusa b ambayo hata bibi zao hawakuisikia. Uaminifu wa aina hiyo ni nadra.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na miaka michache baadaye reli kutoka Konza ikafika Ziwa Magadi, katika kaunti hiyo hiyo. Magadi yakawa yanatoka, barua za Kiingereza zinaingia. Siku hizi kiwanda ni cha Tata Chemicals, na kwa miaka kampuni na serikali ya kaunti zimevutana kuhusu kodi ya ardhi. Wanadai, wanakana, mawakili wanaandika. Kila "debt" inapoandikwa, b imo, imetulia, yenyewe haidaiwi chochote. Mpishi wa Kenya akiona maharagwe ni magumu hutia magadi kidogo sufuriani yakaiva upesi. Hii b ukiipikia kwa ziwa zima, haiivi.

Wapo waliojaribu kuiivisha. Mmarekani Noah Webster, katika kamusi yake ya 1828, aliifuta u ya "colour", lakini k ya "knife" ikabaki inamtazama. George Bernard Shaw alipofariki mwaka 1950 aliacha wasia kwamba sehemu ya mali yake igharimie alfabeti mpya isiyo na uvivu huu. Alfabeti ikatengenezwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapwa kwa alfabeti hiyo. Mpe mtu akusomee.

Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakina adabu hii. "Receipt" ilipotufikia na p yake bubu, tulichukua sauti tukaandika risiti, p ikabaki bandarini. "Colonel", anayesomwa kana kwamba jina lake liliandikwa na adui, tulimsikiliza tu tukamwandika kanali. Tumejinyima mengi. Hatuwezi hata kufanya mashindano ya kutaja herufi, maana neno la Kiswahili ukishalisikia umeshaliandika. Washindani wote wangeshinda na mfadhili akafilisika.

Tena herufi bubu hulisha watu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo, ila haikuzipiga marufuku herufi zenyewe, na maadamu zipo, mzazi atamtafuta wa kumweleza mwanawe ni ipi iliyo hai na ipi imekufa. Basi nawaomba wazazi wa Kitengela, Isinya, hata Magadi penyewe: mwezi huu lipeni ada ya mwalimu mapema. Naye anadaiwa dukani.