Kuku Kichwani, Bunduki Mkononi

Juzi usiku gemu ilinivika kuku. Simaanishi fumbo lolote. Nilikuwa nimeuawa mara kadhaa kwenye kambi ileile ya askari, skrini ikatulia, yakatokea maandishi ya adabu kuniuliza kama ningependa kuvaa kofia ya kuku ili mambo yawe mepesi. Mpwa wangu wa darasa la sita, aliyekuwa akisubiri zamu yake tangu magharibi, aliyasoma maandishi yale kwa sauti ya kusomea risala. Halafu, kwa heshima zote alizofundishwa kwao, akasema, "Mjomba, kubali tu. Si dhambi."

Nikakubali. Akakimbilia jikoni. "Mama, mjomba amevaa kuku!" Dada yangu akauliza kuku yupi, maana yeye alikuwa na mmoja tu na bado alikuwa sufuriani.

Gemu yenyewe ni Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ya mwaka 2015, kazi ya Mjapani Hideo Kojima, na ni lazima nieleze ilivyo ili uone ukubwa wa msiba. Tuko Afghanistan mwaka 1984, nchi imejaa wanajeshi wa Kisovieti. Unamwongoza jamaa mwenye jicho moja, mkono mmoja wa bandia, na kigae cha chuma kilichochomoza kwenye paji la uso mithili ya pembe. Hacheki. Kuzungumza kwenyewe ni kwa nadra. Kazi yake ni kutoonekana: anatambaa kwenye vumbi, anahesabu hatua za mlinzi, anamnyatia kwa nyuma na kumkaba bila kumwamsha aliyelala kando yake. Hata upepo wa gemu hii una huzuni. Sasa mtie mtu huyo kuku kichwani, mwenye kilemba chekundu na mdomo.

Na kofia inafanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Kwa kawaida mlinzi akikuona vizuri anapiga kelele, kambi nzima inaamka na risasi zinaanza. Ukiwa na kuku, mlinzi anakuona, anaangua kicheko, anaendelea na doria yake. Mtu amelishwa, amevishwa na kupewa bunduki ili alinde lango, anamwona adui anatambaa mita chache mbele yake, anaamua kwamba huyu hastahili hata kupigwa risasi. Huruma hiyo ina kikomo. Ukizidisha kuonekana, kicheko kinaisha. Ina gharama pia: alama ya juu kabisa ya misheni huipati, hata ukimaliza bila kumwaga tone la damu. Na matukio ya kusimuliwa yanapofika, watu wakinong'onezana habari za kisasi na wenzao waliokufa, kuku bado yupo, ametulia kichwani, anasikiliza. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wangu alifika hadi Afghanistan na akawika.

Nasaidiwa na watu kila siku na sijawahi kulalamika. Tatizo langu ni tangazo. Mwenye kutaka kujua namna ya kumsaidia mtu mzima bila kumvua nguo aende akaiangalie Resident Evil 4, ile ya 2005 iliyoongozwa na Shinji Mikami. Humo Leon Kennedy ametumwa kijijini Hispania kumtafuta binti wa rais wa Marekani, na wanakijiji wamepania kumuua. Dakika chache tu baada ya kufika anatokea mtu aliyevaa gunia kichwani, mkononi ana chenso inayonguruma, na akikufikia kichwa chako hakibaki shingoni. Wengi wetu tulikufa pale. Tukarudi, tukafa tena. Halafu, bila sababu ya kueleweka, tukaanza kuweza.

Sababu ilikuwepo, ila ilifichwa. Ndani ya gemu ile kuna ngazi za ugumu ambazo hazionyeshwi popote kwenye skrini. Muda wote unaocheza inakupima: umepigwa kiasi gani, risasi zako zinampata mtu au zinakwenda kuwinda ndege, umekufa mara ngapi. Ukichemsha, inakushusha ngazi. Maadui wanakuwa wazito kidogo wa kushambulia, pigo lao linapungua makali, wanaanguka kwa risasi chache zaidi, na sehemu nyingine wanaojitokeza wanapungua kabisa: ulikufa ukiwa umezungukwa na kundi, ukirudi unakuta baadhi yao hawakuja kazini. Risasi nazo zinaokotwa pale ulipokuwa umebakiwa na kisu. Kisha, ukishaanza kujiona fundi, inakupandisha taratibu hadi jasho likutoke. Ni kwenye kiwango kiitwacho Professional pekee ndipo huruma hii inafungwa na ngazi inabaki juu muda wote. Nilipoimaliza gemu ile nilitembea mtaani kifua mbele. Ilikuja kupita miaka ndipo nikajua nilikuwa nimebebwa mgongoni, na sikukasirika hata chembe. Ndivyo afanyavyo shemeji muungwana anayelipa bili ya hoteli akitoka kunawa mikono, wewe ukabaki mezani unapapasa pochi kwa heshima yako kamili.

Andy Gavin, mmoja wa waanzilishi wa Naughty Dog, amewahi kueleza kuwa Crash Bandicoot nayo ilikuwa na siri ya aina hiyo: ukifa sana, lile jiwe kubwa linalokukimbiza linapunguza mwendo. Utoto wetu wote tulidhani ni mbio zetu.

Wengine hawana haya hiyo. Ninja Gaiden Black, ukifa mapema mara kadhaa, inajitolea kukushusha cheo hadi Mbwa wa Ninja, na inakufunga utepe mkononi ili usijisahau. Wolfenstein: The New Order ukiichagulia kiwango rahisi kabisa inakuonyesha shujaa wake, jitu la misuli, limevaa kofia ya mtoto mchanga. Sekiro ya 2019 ni mbaya kuliko zote: ukifa na kufufuka sana, watu wema unaowajua mle ndani wanaanza kukohoa, na kikongwe asiyejua hata kushika upanga anaugua kwa uzembe wa vidole vyangu. Dark Souls inakuandikia kwa herufi nyekundu kwamba umekufa, basi. Naiheshimu.

Hata hivyo ninapolala huwa najiuliza jambo. Vyombo hivi vinajua kidole changu kinachelewa wapi. Vinajua nikiwa na hofu napiga risasi dari. Kisichojulikana ni kwamba ninapoishi pana nchi. Fungua akaunti kwenye duka la mtandaoni la mashine yangu, shuka kwenye orodha ya nchi. Taiwan ipo. Thailand ipo. Katikati yao, mahali alfabeti ilipotupangia tukae, hakuna mtu. Kwa hiyo kwenye makaratasi yao mimi ni mkazi wa Oregon, Marekani, jimbo nililolichagua kwa sababu halitozi kodi ya mauzo. Kila mwaka natumiwa salamu za Thanksgiving na punguzo la bei la majira ya baridi, nami niko Temeke, feni imezimika pamoja na umeme.

Hapo kicheko huwa kinaniishia. Nalipa bei kamili kwa dola, tena kupitia mtu wa kati anayeweka cha juu kwenye kila kadi, kununua gemu ambazo siku yoyote akaunti inaweza kufungwa nazo kwa kosa la kutoa taarifa za uongo. Uongo huo ni fomu yao iliyonidai. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, kwa kuwa wachezaji walitakiwa wawe na akaunti ambayo nchi hizo haziwezi kuifungua. Wachezaji wa kila pembe ya dunia walipiga kelele hadi sharti la akaunti likaondolewa. Nchi zaidi ya 170! Hiyo si pembezoni ya dunia, ni sehemu yake kubwa.

Mpwa wangu naye sasa anataka akaunti yake, na amekwisha niuliza yeye aishi jimbo gani. Nimemwambia aishi Oregon, tukae karibu. Na wewe unayesoma, kama uko njiani kwenda kununua kadi, hakikisha ni ya nchi ileile uliyoiandika kwenye akaunti. Kadi ya Uingereza haikubali kwenye akaunti ya Marekani, na ukishaikwangua muuzaji hairudishi.